UKIINGIA UBALOZINI, UMETOKA NCHINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

  Leo mada ni ndefu kidogo. Kama una kazi mkononi, imalize kwanza ndipo urudi.

Juzi baada ya swala ya Alasiri nilikuwa ufukweni hapa Bagamoyo, karibu na soko la samaki. Akaja kijana mmoja, akanipa shikamoo, akakaa pembeni yangu. Kaka yake ana miadi ya viza huko Dar es Salaam. Akaniuliza: "Sheikh, eti ni kweli ukishavuka lile geti la ubalozi umeshatoka Tanzania? Watu wanasema mle ndani ni kwao."

Nikamwambia, mwanangu, si kweli. Ardhi ni ya Tanzania, geti hadi ukuta wa nyuma. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 hausemi kwamba jengo la ubalozi ni nchi ya kigeni. Unachosema ni kwamba mwenye nchi haingii humo bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, na ni juu ya mwenye nchi kulilinda lisivamiwe. Yaani uwanja ni wako, lakini unapiga hodi. Ni kama umempa mgeni chumba nyumbani kwako. Chumba ni chako, funguo umempa yeye, na ukitaka kuingia unagonga.

Akaitikia, lakini nikamwona hajatosheka. Na mimi usiku sikulala vizuri, maana swali lake lina historia nzito, na historia yenyewe ipo mbele ya macho yetu, ng'ambo ya mlango huu wa bahari tunaouangalia kila siku. Kwa hiyo jibu refu nimeliandika hapa.

Kwanza tujue jambo hili kwetu Waislamu si geni. Mtume wetu (s.a.w.) alipofikiwa na wajumbe wawili wa Musaylima, yule aliyedai utume wa uongo, maneno yao yalistahili adhabu kubwa, lakini aliwaacha waende kwa sababu wajumbe hawauawi. Abu Rafi naye alikuja Madina akiwa mjumbe wa Makuraishi. Alipomwona Mtume, imani ikaingia moyoni, akasema sirudi. Hebu jiulize, wewe ungemwambiaje? Mtume alimwambia arudi kwanza kwa waliomtuma, kwa kuwa yeye havunji ahadi wala hazuii wajumbe. Kama lililomo moyoni litabaki, basi aje tena baadaye. Akaenda, akarudi, akasilimu. Huo ndio uzito wa amani aliyopewa mjumbe. Haivunjwi hata kwa faida yako wewe.

Basi tuvuke bahari.

Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, alikuwa mtu wa biashara kabla ya kuwa mtu wa vita. Mwaka 1833 alifunga mkataba na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, akafika Unguja. Kitambaa cha pamba walichokuwa wakileta bibi zetu walikiita "merikani", na jina limebaki mpaka leo. Sayyid Said naye hakukaa kungoja wageni tu. Mwaka 1840 aliipeleka merikebu yake, Sultana, mpaka New York, ndani yake akiwemo mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Wamarekani wakampokea kwa heshima na kumchora picha. Kwa hiyo mwanzo wa habari hii ni watu wawili wanaotembeleana, kila mmoja ana nyumba yake.

Neno lenyewe "balozi", nikuongezee hilo, limetufikia likitoka kwa Waturuki, nao waliliokota kwa wafanyabiashara wa Venice. Sisi tukalipenda mpaka tukampa hata mjumbe wa nyumba kumi. Tuendelee.

Uingereza ilifunga mkataba wake mwaka 1839, na mwaka 1841 akaja Atkins Hamerton, ofisa wa jeshi kutoka India, Muairishi kwa kuzaliwa. Akapata nyumba Shangani, ukingoni mwa bahari. Nyumba hiyo ipo mpaka leo. Ukienda Mji Mkongwe wenyeji watakuonyesha: nyumba ya kuta nene, kwa jinsi walivyojenga zamani kwa mawe ya matumbawe na chokaa, madirisha yakitazama bahari. Ilikuwa ubalozi wa Uingereza tangu 1841 mpaka 1874.

Mwezi Desemba 1856 wapelelezi Burton na Speke walifikia humo. Hamerton alikuwa mgonjwa sana, lakini Juni 1857 alipanda nao chombo akawasindikiza mpaka pwani yetu hii, hapa Kaole, mwendo mfupi tu kusini mwa Bagamoyo. Ukipita pale kwenye magofu ya misikiti ya kale, kumbuka kwamba balozi wa kwanza wa Waingereza alifika ufukwe huo akiwa karibu na kufa. Tarehe 5 Julai mwaka huohuo alifariki Unguja. Wakati huo balozi alikuwa bado mgeni. Alikuwa na sauti kwa Sayyid, ndiyo, lakini alikuwa mgeni.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, na watoto wake wakaanza kugombana. Hapo ndipo mgeni alipoanza kusogeza mkeka. Mwaka 1859 Barghash bin Said alipomwasi ndugu yake Majid, balozi Rigby alimsaidia Majid kwa askari wa manowari ya Kiingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 ugomvi wa Majid na nduguye Thuwaini wa Oman uliamuliwa na nani? Na gavana mkuu wa Uingereza huko India, Lord Canning. Dola ya baba yao ikakatwa vipande viwili, Unguja peke yake na Oman peke yake, na Unguja iwe inailipa Oman riale 40,000 kila mwaka. Ndugu wakishindwa kusikilizana, jirani huja kuwagawia urithi. Mimi hapa simlaumu jirani kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wetu tunalisema nusu. Sitaki kusema nusu.

Mwaka 1873, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko la watumwa. Hakutia kwa hiari. Mwezi Januari alikuwa amekataa, na mwaka mmoja kabla kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu yake na kumwacha hana nguvu. Balozi John Kirk alimweleza wazi kwamba akikataa tena, manowari zitaizingira Unguja. Kuna ndugu zetu wakifika hapa wanaona uonevu wa Mzungu tu. Mimi naishi Bagamoyo. Misafara iliyotoka bara iliishia hapa, na waliofungwa minyororo walipandishwa majahazi kwenye mchanga huu tunaoukalia tukila samaki. Waliowauza walikuwemo waliokuwa wakiswali. Dhulma ni dhulma, na aliyeikomesha kwa vitisho amekomesha dhulma. Lakini ujue na la pili: siku hiyo Kirk alijifunza kwamba nyumba ya balozi inaweza kutoa amri na jumba la Sultani likatii. Mambo yote mawili ni kweli, na ukishika moja ukaacha jingine hutaielewa miaka iliyofuata.

Miezi minane baadaye ikaja safari ambayo kila mtoto wa Bagamoyo ameisikia. Daktari Livingstone alikuwa amefia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauzungushia kitambaa na gome la mti, wakaubeba. Zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kwa miguu. Wengine walikufa njiani. Februari 1874 wakaufikisha hapa kwetu, ukalazwa misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, pale kwenye mnara unaoitwa mpaka leo Mnara wa Livingstone. Kisha manowari ya Kiingereza ikauchukua mpaka Unguja, ukawekwa katika ile nyumba ya ubalozi ya Shangani kabla ya kupelekwa Uingereza, ambako ulizikwa kwa heshima ya wafalme tarehe 18 Aprili 1874.

Na wabebaji? Kirk alikuwa likizo, anayekaimu ni Kapteni Prideaux. Hakuwa na maagizo yoyote kuhusu watu wale, na inasemwa mishahara yao aliilipa kutoka mfukoni mwake. Hilo tumhesabie wema. Wakalipwa, wakaambiwa kwaherini. Susi na Chuma hawakuwepo kwenye mazishi. Marafiki wa Livingstone waliwaita Uingereza baadaye, mambo yalipokwisha. Wanaume waliobeba maiti ya mtu kwa muda wa miezi mingi, wakavuka mito na njaa kwa sababu waliona ni amana, walisimama mlangoni pa ile nyumba wakapokea ujira kama wapagazi wa pembe. Kila nikipita Shangani huutazama ule mlango, si madirisha ya juu.

Baada ya mwaka huo ubalozi ukahama. Nyumba ya zamani ikachukuliwa na kampuni ya biashara, na balozi akaingia jumba kubwa zaidi, hatua chache tu kutoka pale, palipochomoza kabisa Shangani. Jumba hilo linaitwa Mambo Msiige.

Simama hapo kwenye jina. Lilijengwa kati ya 1847 na 1850, na anayetajwa kulijenga ni Sheikh Salim wa ukoo wa Harthi, tajiri mkubwa wa zama zake. Wazee wanasimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai kwa maelfu ili iwe ngumu. Yapo na masimulizi mabaya zaidi, ya watu kuzikwa hai kutani, na masimulizi ya namna hiyo utayakuta karibu kila jumba kubwa la pwani, kwa hiyo mimi siyabebi. Jina ndilo linalonisumbua. Mambo msiige. Ni majivuno ya mwenye nyumba: nilichofanya mimi ninyi hamtaweza, msijaribu kuiga. Sheikh alijenga nyumba ya kuwatambia majirani zake. Ikawa ya wamisionari wa Kianglikana, kisha kwa karibu miaka arobaini ikawa nyumba ya balozi wa Uingereza. Alijenga ukuta wa kiburi, akaja kukaa ndani yake aliyekuwa na kiburi kikubwa zaidi.

Maana mambo sasa yalikwenda mbio. Mwaka 1888 Sultani Khalifa alikubali kuikodisha pwani hii kwa kampuni ya Wajerumani kwa miaka 50. Wewe wa Bagamoyo unajua kilichofuata: ugomvi wa bendera, vita vya Septemba 1888, na Bushiri bin Salim, naye wa ukoo wa Harthi, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka 1890 Unguja yenyewe ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Angalia neno, "ulinzi". Sultani akapangiwa mshahara. Na likawekwa sharti kwamba hakuna atakayekaa kwenye kiti cha usultani bila kibali cha Uingereza, na mwenye kukitoa hapa ni mtu anayekaa Mambo Msiige. Mgeni aliyekuwa akipiga hodi kwa Sayyid, sasa mjukuu wa Sayyid ndiye apige hodi kwake.

Mjukuu mmoja hakupiga. Hapa ndipo lilipo jibu la yule kijana.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Saa chache baadaye Khalid bin Barghash aliingia jumba la kifalme na watu wake, akapandisha bendera. Balozi Basil Cave akamwambia ashuke. Khalid akakataa. Zikaja manowari tano chini ya Admirali Rawson, akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Haikufika hata dakika 45, ikaisha. Wanaiita vita fupi kuliko zote duniani, na watalii wanacheka wakisomewa. Usicheke, ndugu yangu. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Watumishi, askari, watumwa, watu waliokuwa na mama zao. Tuwaombee rehema.

Khalid alitoka katika moshi ule akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Mlango ukafunguliwa, akaingia, mlango ukafungwa.

Sasa ona. Waingereza walikuwa wameshinda. Mji ni wao, bandari ni yao, Sultani mpya, Hamud, wamemweka wao jioni ileile. Walitaka Khalid atolewe. Wajerumani wakasema mkataba wetu wa kurudishiana wahalifu hauwahusu watu wa siasa. Waingereza wakaweka askari mlangoni usiku na mchana: akitia mguu nje tu, anakamatwa. Lakini ndani hawakuingia. Mizinga iliyobomoa jumba la kifalme kabla ya chakula cha mchana haikuthubutu kugusa mlango wa mbao wa nyumba moja ya Shangani. Zaidi ya mwezi mzima wakangoja.

Tarehe 2 Oktoba bahari ilijaa sana, bamvua, maji yakafika mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi. Wajerumani wakaleta mashua ya manowari yao, Seeadler, mpaka langoni. Khalid akatoka katika ardhi ya ubalozi akapanda mashua ya Kijerumani moja kwa moja. Ardhi ya Unguja hakuikanyaga hata hatua moja. Wale askari wakabaki wakitazama. Akapelekwa Dar es Salaam, akaishi huko kwa miaka, mpaka Waingereza walipomkamata katika Vita Kuu ya Kwanza, wakamhamishia Ushelisheli na kisiwa cha St Helena. Akaruhusiwa kurudi pwani hii, akafia Mombasa mwaka 1927. Allah amrehemu.

Usidhani Wajerumani walimpenda. Ni Wajerumani haohao, miaka saba kabla, waliomnyonga Bushiri hapa pwani. Walimhifadhi Khalid kwa kuwakomoa Waingereza. Lakini angalia jinsi amri ya Allah ya kutovunja nyumba za watu na amani ya wajumbe inavyofanya kazi hata mikononi mwa wasio na nia hiyo. Mtu mmoja alibaki hai kwa sababu majeshi mawili yaliuheshimu mlango.

Mambo Msiige iliacha kuwa ubalozi mwaka 1913. Unajua kwa nini? Hakuna aliyewafukuza. Mwaka huo London iliihamisha Unguja kutoka wizara yake ya mambo ya nje ikaiweka chini ya wizara ya makoloni. Mtu haweki balozi kwenye shamba lake mwenyewe. Cheo cha balozi kikafutwa, akaja mtawala. Jumba likawa ofisi za serikali, na leo ni sehemu ya hoteli ya kitajiri. Wanaolala humo wanatoka kila nchi na wanalipa kwa dola.

Lipo moja la mwisho na si la kale. Ukitoka Bagamoyo kwenda mjini kwa barabara ya zamani, pale Msasani utapita kwenye ubalozi wa Marekani, umerudi nyuma ya ukuta mbali na barabara. Haukuwa hapo zamani. Ulikuwa Oysterbay, katika jengo lililowahi kuwa la ubalozi wa Israel. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu na ushei asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kuswali, lori lenye mabomu lililipuliwa getini. Walikufa watu 11. Mmarekani hakuwepo hata mmoja. Walikuwa Waafrika, wengi wao ndugu zetu wa mji uleule, walinzi na watu wa kazi. Nairobi, dakika zilezile, walikufa zaidi ya 200.

Waliofanya vile walitaja jina la dini yangu. Na mimi nimekaa kwenye darsa miaka mingi, nimefundishwa habari ya Musaylima, nimefundishwa habari ya Abu Rafi. Sijaona mlango ambao wangepitia. Askari wa Rawson, ambao hawakuwa Waislamu, walisimama mwezi mzima nje ya lango la bustani bila kuingia, na adui yao yumo ndani anawaona.

Kijana wangu, nakuomba unisamehe kwa jibu refu. Mwambie kaka yako aende na vyeti vyake vyote, afike mapema, na akivuka lile geti ajue bado yuko Tanzania, ila amepigwa hodi. Akitoka anieleze walimpokeaje.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullah.